Ninunue programu gani ya kuandalia kitabu pepe changu?

Swali. Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza riwaya yangu ya kwanza, sura 31, maneno kama 70,000. Nusu niliiandika kwenye simu kwa Google Docs, nusu kwenye Word katika kompyuta ya kuazima. Nataka kuichapisha mwenyewe kama kitabu pepe. Nimejaribu kuigeuza kuwa EPUB na kuifungua kwenye simu, nikakuta kila kitu kimevurugika. Kuna kurasa tupu, sura zinaanzia katikati ya skrini, aya nyingine zimeingia ndani na nyingine hazikuingia, na yaliyomo yana namba za kurasa zisizompeleka msomaji popote. Mmoja ananiambia ninunue Scrivener, mwingine Vellum, mwingine anasema Word inatosha. Kompyuta yangu ni ya Windows, ya zamani. Nichague ipi? Nimekuambatanishia sura tatu uzione.

Jibu. Marahaba, dada yangu, na hongera sana. Maneno 70,000 si haba. Wengi huishia sura ya nne.

Kabla ya kukujibu nilizifungua sura zako tatu na kuwasha alama zilizofichwa, yaani zile ambazo programu huziweka kila unapobonyeza Enter, Tab au kitufe cha nafasi, na ambazo kwa kawaida huzioni. Kwenye Word zinawashwa kwa Ctrl+Shift+8, kwenye LibreOffice kwa Ctrl+F10. Mwishoni mwa sura ya kwanza nimehesabu alama 14 za aya zilizofuatana bila neno hata moja. Ulibonyeza Enter mara 14 ili sura ya pili ianzie ukurasa mpya. Aya ulizoandikia simu zinaanza kwa nafasi tano, na zile za kompyuta zinaanza kwa Tab. Majina ya sura ni maandishi ya kawaida uliyoyakoleza na kuyakuza kwa mkono. Yaliyomo umeyapanga mwenyewe, vinukta hadi pembeni, kisha namba ya ukurasa.

Hayo ndiyo yote uliyoyaona kwenye simu, na hakuna programu ya kununua itakayokuondolea kazi ya kuyasafisha. Kwa hiyo jibu langu fupi ni hili: kwa sasa usinunue chochote. Pakua LibreOffice, ambayo ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi hii, ujifunze ndani yake jambo moja tu, nalo ni mitindo. Jibu refu ni la kukueleza sababu, kwa kuwa usipoielewa sababu, kitabu cha pili kitakukwamisha palepale kilipokukwamisha cha kwanza.

Kitabu pepe hakina ukurasa. Hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Unapoandika kwenye Word unaona karatasi nyeupe yenye kingo nne, na macho yanazoea kuamini kwamba kitabu kitakaa hivyo. Faili la EPUB, muundo uliotolewa mwaka 2007 na ambao tangu 2017 unasimamiwa na W3C, shirika lilelile linalosimamia kanuni za wavuti, kwa ndani ni furushi la kurasa za wavuti zilizobanwa pamoja. Lifungue utakuta maandishi ya XHTML, yaani lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, maelekezo ya mwonekano ya CSS, picha, na orodha ya kumwelekeza msomaji. Kifaa cha msomaji ndicho kinachoamua mstari ukatike wapi. Mwenye macho mazima ataweka herufi ndogo, mwenye macho yaliyochoka ataziweka kubwa mara mbili, na kila mmoja atapata idadi yake ya kurasa. Ndiyo maana namba 87 uliyoiandika mbele ya sura ya tisa haina maana yoyote. Ndiyo maana vilevile Enter zako 14, ambazo kwenye karatasi zilikufikisha ukurasa mpya barabara, kwenye simu zinaacha skrini nzima tupu kisha zinaitupa sura katikati ya skrini inayofuata.

Na zile aya zilizogoma kuingia ndani? Katika lugha ya kurasa za wavuti, nafasi tano za kawaida zikifuatana huhesabiwa kuwa moja. Tab nayo kila programu ya kugeuza mafaili huifasiri ijuavyo yenyewe. Wewe uliona aya zimefanana kwenye skrini yako, lakini kwa ndani zilikuwa vitu viwili tofauti.

Sasa mitindo. Mtindo ni jina unaloipa aya ili programu ijue hiyo aya ni kitu gani. Badala ya kuliambia faili "maneno haya yawe makubwa, yakolezwe, yakae katikati", unaliambia "hiki ni kichwa cha sura". Karibu programu zote huuita mtindo huo Heading 1. Ukishaupa kila kichwa cha sura mtindo wa Heading 1, unapata mambo matatu kwa mpigo: sura zote zinafanana, programu inajua pa kulikata faili ili kila sura ianze upya, na yaliyomo yanajiunda yenyewe yakiwa na viungo vinavyobofyeka. Ukitaka kubadilisha mwonekano unaubadilisha mtindo mara moja, na sura zote 31 zinafuata. Aya za kawaida nazo zina mtindo wao, na humo ndimo unamosema mstari wa kwanza uingie ndani kiasi gani. Mimi hushauri nusu sentimita. Kipimo cha zaidi ya sentimita moja ambacho Tab hukupa kwenye karatasi ni kikubwa mno kwa skrini ya simu.

Kwa hiyo unapopima programu yoyote, usivutiwe na uzuri wa vitufe vyake. Tazama kama inakuruhusu kutengeneza mitindo yako mwenyewe na kuipa majina, kama inaonyesha alama zilizofichwa, kama inahifadhi DOCX (muundo wa mafaili ya Word) isiyo na takataka, na kama kazi yako itafunguka katika programu nyingine siku utakapoihama. Jambo la mwisho naliwekea uzito kuliko yote. Riwaya huishi muda mrefu kuliko kompyuta iliyoandikiwa, na mara nyingi kuliko kampuni iliyotengeneza programu.

Tuanze na Word, kwa kuwa ndiyo unayoifahamu. Ni programu nzuri, mitindo yake ni imara, na tangu toleo la 2007 inahifadhi DOCX, muundo ambao maduka makubwa ya vitabu pepe yanaupokea moja kwa moja. Wahariri wengi hutaka DOCX ili waweke masahihisho yao pembeni. Ungekuwa na Word yako mwenyewe ningekwambia ubaki hapo hapo. Upungufu wake kwako ni kwamba ni ya kulipia, na ile inayowekwa kwenye kompyuta haina amri ya kuhifadhi EPUB, kwa hiyo kazi ya kugeuza utaifanyia mahali pengine. Tena ni programu ya watu wa ofisini, imejaa visanduku vya maandishi, picha zinazoelea na mapambo ya herufi. Katika kitabu pepe usiviguse.

LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice na inasimamiwa na The Document Foundation. Ina Windows, Mac na Linux. Sehemu yake ya kuandikia inaitwa Writer, na tangu toleo la 6.0 la mwaka 2018 inatoa EPUB yenyewe. Naipendekeza kwako si kwa sababu ya bure peke yake. Bonyeza F11, orodha ya mitindo inafunguka pembeni na kukaa mbele ya macho yako, kana kwamba programu yenyewe inakusisitiza uitumie. Bonyeza F5 unapata kirambazaji kinachoorodhesha sura zako zote, na unaweza kuihamisha sura nzima, kichwa na mwili wake, kwa kuibofya na kuisogeza juu au chini. Isitoshe, ina kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia. Si kamili, maneno mengi yenye viambishi virefu itayatilia mstari mwekundu bila kosa, lakini "kuwalimbia" uliyoiandika sura ya pili badala ya "kuwakimbia" ingekuonyesha.

Google Docs usiiache. Kwa mtu anayeandika kwenye simu, katika foleni au usiku taa ikiwa imezimwa, sijaona inayoizidi. Inajihifadhi yenyewe, inakumbuka matoleo ya nyuma, na hati moja inabeba hadi herufi milioni 1.02, riwaya yako ni takribani nusu ya kiwango hicho. Inaweza hata kupakua EPUB. Kasoro yake ni kwamba mitindo yake ni ile iliyokuja nayo tu, kichwa, vichwa vidogo na maandishi ya kawaida. Huwezi kutengeneza wako na kuupa jina. Kwa riwaya nyepesi si kitu, ila wewe katika sura ya tatu umeweka shairi, na hapo ndipo Google Docs inapokuacha njiani.

Nikae kidogo kwenye shairi hilo, maana waandishi wa Kiswahili wengi wana shairi mahali fulani. Umeupanga kila mshororo ukiwa na ukwapi upande mmoja na utao upande wa pili, katikati umejaza nafasi nyingi ili vina vya kati visimame safu moja. Kwenye karatasi unapendeza. Kwenye simu mizani 16 mara nyingi hazienei mstari mmoja, kwa hiyo utao unakatika, kipande kinashuka chini, na msomaji hajui tena mshororo umeishia wapi. Njia niliyoiona inafanya kazi ni hii. Kila mshororo uwe aya yake, ukwapi na utao vitenganishwe kwa mkato tu. Halafu tengeneza mtindo, uuite Mshororo, ambao ukingo wake wa kushoto umeingia sentimita moja na mstari wake wa kwanza umerudi nje sentimita hiyo hiyo. Mshororo ukikatika kwenye skrini ndogo, kipande kilichobaki kitaingia ndani, na jicho litaelewa kwamba ni mwendelezo. Mshororo wa mwisho wa kila ubeti upe mtindo wa pili unaofanana na huo, wenye nafasi chini yake. Hapo beti zitaachana bila Enter hata moja ya ziada.

Scrivener ni programu nzuri sana ya kuandikia, na ninaowajua wanaoitumia hawaiachi. Inakuwezesha kuigawa riwaya vipande vidogo, kuvipanga kama kadi ubaoni, na kuweka maelezo ya wahusika na utafiti ndani ya mradi huohuo. Ipo ya Mac, ya Windows, na ya iPhone na iPad. Ya Android haipo. Unaijaribu siku 30 za matumizi halisi, maana yake siku usiyoifungua haihesabiwi. Lakini wewe umeshamaliza kuandika, na nguvu ya Scrivener iko kwenye kuandika. Kwenye kutoa kitabu ina hatua inayoitwa Compile, yenye machaguo mengi ambayo yatakula wiki yako nzima. Kama kitabu cha pili kina familia tatu na miaka 60 ndani yake, ijaribu wakati huo. Jihadhari usiufungue mradi mmoja kwenye vifaa viwili kwa wakati mmoja kupitia hifadhi ya mtandaoni, kwa sababu mradi wake ni folda yenye mafaili mengi na yanaweza kugongana.

Vellum ni ya Mac peke yake, kwa hiyo kwako mjadala umekwisha. Inatoa vitabu vya kupendeza bila jasho, lakini ni chombo cha kuandalia kitabu kilichokwisha kuhaririwa. Kazi kama hiyo inafanywa pia na Atticus, ambayo ni ya kulipia na haibagui kompyuta, na Reedsy Studio, ya bure, inayofanyia kazi ndani ya kivinjari. Amazon nao wanatoa Kindle Create bila malipo kwa wanaouza kwao. Faili lake la KPF ni la Amazon tu, usilifanye kuwa nakala yako kuu. Mwenye Mac au iPad anayo Pages, inayotoa EPUB bila shida.

Basi tuipeleke riwaya yako LibreOffice. Tenga siku mbili, na kabla ya kugusa chochote weka nakala ya mafaili ya zamani mahali ambapo hutayagusa tena.

Ipakue ile nusu ya Google Docs ikiwa DOCX, ifungue kwenye Writer, uunganishe na nusu ya Word, kisha hifadhi yote kama ODT, muundo wa LibreOffice yenyewe. Kama mtu alikuwekea masahihisho ya pembeni, yakubali au uyakatae yote sasa, na maoni uyafute, yasije yakajitokeza ndani ya kitabu.

Kazi ya kwanza si kufuta, ni kuokoa. Kuna Enter tupu zako ambazo zina maana, zile ulizoweka katikati ya sura kuonyesha kwamba tukio limebadilika. Programu haiwezi kuzitofautisha na zile za kujazia ukurasa. Pitia sura zote, na kila mahali pa kubadili tukio andika nyota tatu katika mstari wake. Nimeona waandishi wakifuta aya tupu zote kwa mkupuo, kisha matukio mawili yakashikana, mhusika akawa jikoni na safarini katika aya zinazofuatana.

Cha pili cha kuokoa ni maneno ya mlazo. Tutafuta mapambo yote uliyoyaweka kwa mkono, na mlazo utaondoka pamoja nayo. Fungua dirisha la kutafuta na kubadilisha kwa Ctrl+H, washa utafutaji wa ruwaza unaoitwa Regular expressions, kishale kikiwa kwenye sehemu ya kutafuta chagua umbo la mlazo, uandike .+ kisha kwenye sehemu ya kubadilisha andika @@$0@@. Kila neno la mlazo litazungukwa na alama hizo. Baada ya usafi utarudisha kwa kutafuta @@(.+?)@@ na kubadilisha kwa $1, safari hii umbo la mlazo likiwekwa upande wa kubadilisha. Ikiwa maneno yenyewe hayafiki 20, achana na ruwaza, yaorodheshe kwenye daftari na uyarudishe kwa mkono.

Sasa chagua maandishi yote, toa amri ya Clear Direct Formatting, na uyape yote mtindo wa Body Text, ambao matoleo ya zamani huuita Text Body. Maandishi yatabaki matupu kabisa, hata utashtuka. Usiogope. Rudi Ctrl+H na utafute ^$ huku sehemu ya kubadilisha ikiwa tupu; aya tupu zote zitaondoka. Tafuta ^\s+ na ubadilishe kwa utupu. Nafasi na Tab za mwanzo wa aya zitaondoka. Tafuta nafasi mbili ubadilishe kwa moja, urudie mpaka ikwambie hakuna tena. Dakika kumi tu, na hapo umemaliza kazi ambayo wengine huilipia.

Kisha jenga upya. Weka kishale kwenye jina la kila sura na ubonyeze Ctrl+1. Ubadilishe mtindo wa Heading 1 mara moja, ukae katikati na uanzie ukurasa mpya. Mtindo wa aya uupe ile nusu sentimita. Aya ya kwanza ya kila sura mimi huipa mtindo wake usioingia ndani, ila hilo ni suala la ladha, wala kitabu hakiharibiki usipofanya. Nyota zako tatu zipe mtindo wa kukaa katikati. Rangi ya maandishi iache kwenye hali ya kujiamulia, usichague nyeusi kwa mkono, kwa sababu kwenye baadhi ya vifaa msomaji akigeuza skrini kuwa nyeusi usiku, herufi ulizozilazimisha weusi zinapotea gizani. Yaliyomo uliyoyaandika kwa mkono yafute. Picha, kama zipo, zikae ndani ya mstari kama herufi, zisielee.

Kuna usafi mwingine ambao miongozo ya kigeni haitakwambia, kwa kuwa unahusu lugha yetu. Simu yako imeandika ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka, na Word imeandika ng’ombe kwa iliyopinda. Msomaji akitafuta neno hilo ndani ya kitabu, katika baadhi ya vifaa ataletewa nusu tu ya matokeo. Tafuta ng' iliyonyooka ubadilishe kwa iliyopinda, nyaraka nzima. Usizibadilishe ritifaa zote kwa jumla, maana kama kuna mazungumzo ndani ya mazungumzo utaharibu alama za kufungulia. Tena, Word yako ilidhani unaandika Kiingereza. Sura ya pili ina sentensi "nyumba I wapi", I ikiwa kubwa. Najua uliandika "nyumba i wapi", Kiswahili safi kabisa. Programu ndiyo iliyojitia kukusahihisha. Pitia riwaya yote ukitafuta I iliyosimama peke yake, halafu uweke lugha ya hati kuwa Kiswahili.

Baada ya hapo toa EPUB kutoka menyu ya kuhamisha. Dirisha litakalofunguka litakuuliza mambo machache. Chagua EPUB 3, faili likatwe kwa vichwa vya sura, maandishi yawe ya kutiririka na si ya kurasa zilizogandishwa. Jaza jina la kitabu, jina lako, picha ya jalada, na kwenye lugha andika sw. Usiliruke hilo la lugha, kwa sababu programu zinazomsomea kwa sauti mtu asiyeona hulitegemea ili kuchagua sauti ya kusomea.

Ulipitishe faili kwenye EPUBCheck, kikaguzi cha bure kinachotaja kosa na mahali lilipo. Kisha lifungue kwenye simu yako mwenyewe, si kwenye kompyuta tu. Soma sura mbili kwa herufi ndogo kabisa, mbili kwa herufi kubwa kabisa, mbili skrini ikiwa nyeusi. Bofya kila sura kwenye yaliyomo. Ukitaka kuona kilicho ndani ya furushi au kurekebisha kitu kidogo, Sigil na Calibre zote ni za bure.

Duka utakalolichagua huenda likataka EPUB hiyo au DOCX. DOCX utaitoa kutoka faili hilohilo la ODT. Ukikutana na mwongozo wa zamani unaokwambia ugeuze kuwa MOBI, muundo wa zamani wa vitabu vya Kindle, upite, kwa kuwa Amazon iliacha kupokea MOBI kwa vitabu vya kutiririka mwaka 2021. Na kabla hujajaza fomu yoyote, soma orodha ya lugha ambazo duka hilo linapokea. Si kila duka linapokea kila lugha, na ni afadhali ulijue hilo leo kuliko usiku wa kuchapisha. PDF iache kwa ajili ya karatasi. Kwenye simu msomaji analazimika kuivuta huku na huku kila mstari.

La mwisho ni hili, nami nalijua kwa kuumia. Kitabu changu cha kwanza nilimpa mtu anigeuzie kuwa EPUB. Wasomaji wakaniletea makosa, mimi nikawa nayarekebisha ndani ya EPUB ileile, moja baada ya jingine, kwa muda wa mwaka mzima. Nilipotaka kutoa toleo la pili nikarudi kwenye faili langu la zamani la kuandikia, nikaongeza sura, nikachapisha. Makosa yote niliyokwisha kuyarekebisha yakarudi, na walioyaona kwanza walikuwa walewale walionisaidia kuyasahihisha. Tangu siku hiyo nina faili moja ninaloliita faili mama. Kwako litakuwa hiyo ODT. Kosa likipatikana, hata la herufi moja, linarekebishwa kwenye faili mama, kisha EPUB inatolewa upya. Weka nakala zake mahali pawili, moja nje ya kompyuta hiyo ya zamani.

Anza na hizo sura tatu ulizonitumia, si zote 31. Ukizimaliza nitumie EPUB yake niipitie, hasa lile shairi.